Injini Iliyokwama, na Jinsi ya Kuiuliza Habari Zake

Katika kurasa hizi nataka kuwaeleza jambo nililojifunza wakati wa likizo iliyopita huko Nakawa, Kampala, nyumbani kwa babu yangu. Jambo lenyewe ni hili: motokaa kuukuu ikikaa miaka mingi, na injini yake ikakataa kuzunguka, mtu afanye nini ili aifungue bila kuivunja? Najua wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya mafundi, si ya mwanafunzi mwenye mitihani mbele yake. Lakini katika kazi hii nilikuta fizikia tuliyofundishwa darasani, tena nilikuta na mambo mengine ambayo sikuyatazamia. Nitayasema yote kwa taratibu, hata yale yanayoniaibisha.

MOTOKAA YENYEWE

Motokaa ya babu ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Aliinunua kuukuu mwaka 1983, alipokuwa karani wa reli. Ninyi wanafunzi wa zamani huenda mnaikumbuka aina hii kuliko mimi. Ilianza kuuzwa mwaka 1960. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 waliokuwa ndani yake ni Bert Shankland wa Tanzania na mwenzake Chris Rothwell. Babu husema kwamba siku zile mtu akiwa na 404 hakuulizwa kama atafika. Aliulizwa atafika saa ngapi.

Injini yake ina silinda nne. Upana wa kila silinda ni milimeta 84, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimeta 73. Mkifanya hesabu mtaona kwamba ujazo wa silinda moja ni sentimeta za ujazo 404 na kidogo, na zote nne pamoja ni 1618. (Hiyo 404 ni bahati tu, jina la motokaa lilifuata mpango wa Peugeot wa kuweka sifuri katikati ya namba.) Jambo moja zaidi yafaa mlikumbuke, kwa kuwa litarudi mbele: injini hii haisimami wima. Imelazwa upande kwa pembe ya digrii 45, ili boneti iwe ya chini.

Babu alikaa katika zile nyumba za wafanyakazi za Nakawa mpaka zilipobomolewa mwaka 2011. Siku ya kuhama mimi nilikuwa mtoto ambaye bado hajaanza shule. Nakumbuka nilikaa kiti cha nyuma kati ya masufuria na godoro, tukaenda mwendo mfupi hadi kiwanja cha ndugu yake huko Kinawataka. Motokaa ikaegeshwa chini ya mfenesi, ikazimwa, na tangu siku ile haikuwashwa tena, kwa maana fedha za petroli na bima hazikuwapo.

Mwanzoni mwa likizo alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Akalipiga teke gurudumu moja, akasema ataichukua kwa kilo. Bei aliyotaja haikufika nusu ya karo yangu ya muhula mmoja. Mtu mwingine, ambaye hukodisha motokaa za kale kwa maharusi, alikuwa ametuma neno kwamba angetoa fedha zaidi mara nyingi, ila kwa sharti moja: injini izunguke. "Injini iliyonoki siitaki," ndivyo alivyosema. Babu naye alikuwa amekwisha kuahidi kwamba karo ya mwaka wangu wa mwisho italipwa kabla shule haijafunguliwa. Mnunuzi wa vyuma akasema atarudi baada ya wiki tatu. Basi hizo wiki tatu ndizo tulizokuwa nazo.

KUKWAMA KUNA AINA TATU

Nilikwenda kwa fundi mmoja mwenye gereji ndogo kando ya barabara. Nilidhani atachukua nyundo twende. Badala yake akaniuliza, "Kijana, ilikwama ikienda au ikikaa?" Nikamjibu kwamba hata mimi sijui tofauti. Akanikalisha juu ya gurudumu kuukuu, akanifundisha hivi.

Aina ya kwanza ni kukwama kwa joto. Motokaa ilikuwa ikienda. Oili ikaisha au maji ya redieta yakapungua. Chuma kikasugua chuma, kikapata moto mkali, vikashikana. Injini ya namna hii kuimwagia mafuta hakusaidii, maana ndani yake kuna vitu vilivyoliwa au kuyeyuka. Hapana budi ifunguliwe yote.

Aina ya pili ni maji ndani ya silinda. Mtu amepita katika mafuriko, kama yale ya mabondeni mwetu wakati wa masika, injini ikavuta maji badala ya hewa. Twajua kutoka darasani kwamba hewa hubanika, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikipanda hukuta maji, ikasimama hapo hapo, na mara nyingine mkono wa pistoni hupinda. Dawa ya kwanza ni kutoa plagi ili maji yapate njia ya kutokea.

Aina ya tatu ni kutu ya kukaa. Motokaa ilizimwa ikiwa nzima, ikaachwa miaka. Unyevu ukaingia polepole. Pistoni yenyewe ni ya aluminiamu, nayo haiotewi na kutu nyekundu. Lakini ringi zinazoizunguka ni za chuma, na ukuta wa silinda ni wa chuma, basi hivyo viwili hushikana kwa kutu. Aina hii ndiyo yenye matumaini kuliko zote, kama mtu ana subira.

Kwa kuwa 404 yetu ilifika chini ya mfenesi kwa nguvu zake yenyewe, fundi alisema, "Hiyo ni ya tatu. Lakini usiniamini mimi. Nenda ukaiulize yenyewe."

HATUA ZA KUIULIZA INJINI

Hatua hizi nimeziandika kwa mpango, ili mtu akiwa na motokaa ya namna hii azifuate.

1. Tuliondoa betri, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukahakikisha kwamba gia haikuingia. Motokaa ikiwa katika gia, na breki zimeshikwa na kutu, waweza kudhani injini ndiyo iliyokwama, kumbe injini haina kosa.

2. Tulitoa mkanda wa feni. Dinamo au pampu ya maji ikikwama huweza kuizuia injini, kwani zote zimefungwa kwa mkanda mmoja. Zetu zilizunguka kwa mkono bila shida.

3. Tulilegeza stata na kuivuta nyuma kidogo. Meno ya stata mara nyingine huingia katika meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, yakang'ang'ania humo. Watu wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya jino moja la stata. Meno yetu yalikuwa huru.

4. Tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue imechanganyika na maji. Kisha tulilegeza nati ya chini ya kumwagia oili, polepole, tukaweka chupa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo hutoka kwanza. Kwetu yalitoka matone machache tu, kisha oili nyeusi.

5. Tulitoa plagi zote nne, tukazipanga juu ya gazeti kwa namba zake. Hapa ndipo injini ilipoanza kusema. Plagi ya kwanza na ya pili zilikuwa kavu. Ya nne ilikuwa na kutu kidogo. Ya tatu ilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara ya kijijini.

Nilijiuliza: kwa nini silinda zote zimekaa miaka ile ile chini ya mti ule ule, lakini moja ndiyo iliyougua? Tukafungua kifuniko cha juu kinachofunika valvu. Kumbukeni kwamba silinda hufanya kazi kwa mipigo minne: kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa moshi. Katika injini hii silinda hulipuka kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Injini ikisimama, kila silinda husimama katika mpigo wake. Tuliona kwamba silinda ya tatu ilisimama katika kuvuta, na valvu yake ya kuingizia hewa imefunguka. Kwa hesabu hiyo silinda ya kwanza ilikuwa katika kubana na ya pili katika kulipuka, valvu zao zimefungwa. Ndiyo sababu zilibaki kavu. Ya nne ilikuwa katika kutoa moshi, imefunguka kuelekea bomba la moshi. Unyevu kidogo ulipita huko. Hayo yote yalikubaliana na plagi zetu. Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu nyuma ya kitabu.

Lakini fundi hakufurahi. Alitazama kabureta, akasema, "Valvu ya tatu ilikuwa wazi, sawa. Lakini hewa ya kwenda huko hupita kwanza katika kopo la kusafishia hewa. Kopo liko wapi?"

Kopo halikuwapo. Mdomo wa kabureta ulikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na jani la mfenesi lililooza na alama ya maji.

KOPO LA KUSAFISHIA HEWA

Mimi nilijua kopo liko wapi. Nilipokuwa darasa la sita nilikuja kwa babu wakati wa likizo, nikafungua boneti kwa kucheza. Nikaliona lile kopo la bati, nikalifungua, nikalifanya chombo cha kunyweshea kuku. Boneti nayo haikufunga vizuri tangu siku hiyo. Ilibaki imeinuka upana wa vidole viwili. Kwa muda wa miaka saba kila mvua iliponyesha, maji yalichuruzika kutoka majani ya mfenesi, yakapita pale, na mengine yakaingia katika mdomo wa kabureta, hata silinda ya tatu.

Siku ile sikusema neno. Nilikula chakula cha jioni bila kujua ninakula nini. Nilifikiri hivi: fundi hajui, babu hajui, na kopo ni kuukuu; nani atauliza? Lakini nilikuwa nimeshinda kutwa nzima nikiiuliza injini, nayo haikunificha kitu. Je, mimi nimfiche babu? Tena fedha za motokaa ile zilikuwa karo yangu mwenyewe. Basi asubuhi nilimwendea, nikamweleza yote.

Babu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kuku wenyewe tumekwisha kuwala." Baada ya kunyamaza tena akasema, "Mjukuu wangu, sasa tumejua ugonjwa na tumejua mlango uliopitia. Tutafute dawa." Hakulitaja jambo hilo tena. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

DAWA, NA KWA NINI HAIKUFANYA KAZI

Dawa ya kutu ya namna hii ni mafuta yanayopenya. Fundi alituonyesha mchanganyiko wa mafuta mekundu ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Viwili hivi havikai pamoja; hapana budi kutikisa chupa kila mara kabla ya kutumia. Tena nawaonya: asetoni hushika moto upesi sana. Fanyeni kazi hiyo nje penye hewa, mbali na jiko na sigara. Mtu asiyeipata aweza kutumia dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, ila angoje zaidi.

Tukamimina kijiko kikubwa katika kila silinda kupitia tundu la plagi, asubuhi na jioni. Kila siku, baada ya kumimina, nilishika hendeli ya kuzungushia injini (404 ina tundu lake mbele), nikajaribu kulia na kushoto kwa nguvu za mikono yangu tu. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya tano, kimya. Siku ya kumi, kimya.

Wakati huo majirani walikuwa na mashauri mengi. Mmoja alisema tuifunge kwa lori, tuingize gia, tuivute mpaka izunguke. Mwingine alisema tuweke kipande cha mti juu ya pistoni, tupige kwa nyundo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepata bomba la chuma la meta moja na nusu, nikataka kuliunga na spana. Hesabu yake nilikuwa nimeifanya. Spana ya sentimeta 30 nikiisukuma kwa nguvu ya niutoni 300, napata niutoni-meta 90. Bomba la sentimeta 150 kwa nguvu ile ile hunipa 450, yaani mara tano. Niliona nimegundua jambo kubwa.

Babu aliniuliza, "Na hizo nguvu mara tano, zitakwenda wapi kama kutu haikuachia?"

Nikafikiri. Zitakwenda katika ringi, nazo ni nyembamba na hukatika. Au katika mkono wa pistoni, nao utapinda. Au katika bolti ya mbele ya krenki. Nguvu huvunja kilicho dhaifu kwanza, na kilicho dhaifu si lazima kiwe kutu. Lori lingefanya vivyo hivyo, tena bila mtu kusikia. Nikaliweka bomba chini, ingawa kwa moyo mzito, maana siku zilikuwa zimebaki chache.

Jioni ile nilikuwa nikinywa chai kwenye mkeka. Bilauri yangu ilikuwa karibu kwisha, nikaiinamisha ninywe tone la mwisho. Nikaona chai imekusanyika upande mmoja, na upande wa pili wa kitako umebaki mkavu. Nikainuka ghafula hata babu akadhani nimeumwa na siafu. Injini ya 404 imelala digrii 45! Mafuta tuliyomimina siku kumi yote yalikimbilia upande wa chini wa pistoni, yakapenya huko, yakashuka kwenye sampu. Upande wa juu wa ringi, ambao ni karibu nusu ya duara, haukuonja hata tone. Tulikuwa tukimtibu mgonjwa mguu mmoja.

Kesho yake niliazima bomba kubwa la sindano ya ng'ombe, nikalifunga mpira mwembamba, nikaupinda mdomo wake uelekee juu. Nikauingiza katika tundu la plagi, nikanyunyiza ukuta wa juu polepole, mara nne kwa siku. Motokaa nayo tuliinua upande mmoja kwa jeki na kuikalisha juu ya magogo imara, ili ulalo wa injini upungue.

Tena tulikuwa na msaidizi tusiyemwona, nalo ni jua. Aluminiamu hutanuka kama mara mbili ya chuma. Pistoni yenye upana wa milimeta 84, ikiongezeka joto la digrii 10 kati ya alfajiri na mchana, hutanuka karibu milimeta 0.019, silinda ya chuma hutanuka karibu 0.009. Tofauti yake ni sehemu moja ya mia ya milimeta. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini kila siku pistoni husukuma na kuachia, husukuma na kuachia, na mafuta hupata mwanya wa kuingia. Kwa hiyo siku za kungoja si siku za bure.

SIKU YA KUMI NA SABA

Siku ya kumi na saba, saa nane mchana, nilishika hendeli kama kawaida. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki kwenye puli ya mbele, ili nisijidanganye. Nikasukuma kulia. Tukasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mstari wa chaki ulikuwa umesogea upana wa kidole.

Nilitaka kuendelea, lakini fundi akapiga kelele, "Rudisha!" Nikarudisha kushoto. Hii ndiyo kanuni: ikiachia, usikimbilie mbele. Nenda kidogo, rudi kidogo, ongeza mafuta, kwa sababu kutu iliyolegea ni kama mchanga na huchana ukuta wa silinda. Ilituchukua siku mbili kutoka upana wa kidole hadi mzunguko mzima. Plagi zisirudishwe wakati huo, na mtu asiinamie matundu yake, kwani mafuta huruka kwa nguvu. Mimi niliinama, na shati langu ni shahidi.

Baada ya hapo tulimwaga oili yote, tukatia mpya lita nne. Tukazungusha kwa mkono mpaka tukaona oili imefika juu kwenye valvu. Tukasugua platini, tukatia maji katika redieta, na petroli mpya katika kopo dogo, maana ile ya tangini ilikuwa imekuwa kama gundi. Kabla ya kurudisha plagi nilipima mbano kwa kidole gumba: nilifunga tundu huku babu akizungusha hendeli. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisukuma kidole changu kwa nguvu. Ya tatu ilisukuma kwa unyonge.

Tuliazima betri. Injini ilikohoa mara nyingi, ikatoa moshi wa buluu uliofunika mfenesi wote, kisha ikashika. Ilitikisika kama mtu mwenye kiguu, lakini ilizunguka. Babu alikuwa ndani, ameshika usukani, hakusema neno. Aliiacha izunguke dakika chache, akaizima mwenyewe, akakaa humo hata giza lilipoingia.

Yule mwenye kukodisha motokaa za maharusi alikuja siku mbili kabla ya mnunuzi wa vyuma. Babu aliniambia, "Mweleze habari za silinda ya tatu." Nikasema, "Babu, atapunguza bei." Akajibu, "Basi apunguze. Kutu ukimficha mnunuzi, umemwuzia kutu." Nikaeleza yote. Yule bwana alipunguza kweli. Lakini alisema pia kwamba katika injini hii kuta za silinda ni vipande vinavyoweza kutolewa na kuwekwa vingine, na kwamba vipuri vyake atavitafuta kwa wauzaji wa Kisekka. Fedha alizotoa zilitosha karo. Hazikubaki za kiatu.

Kabla lori halijaja kuichukua, niliingia bandani nikalitafuta lile kopo. Lilikuwa na tundu dogo chini na kinyesi cha kuku ndani. Nililisugua kwa mchanga, fundi akaziba tundu kwa risasi ya kulehemu, nikalifunga mahali pake juu ya kabureta. Liliondoka pamoja na motokaa.

YA KUKUMBUKA

Wenzangu, kama kwenu kuna motokaa itakayokaa muda mrefu, fanyeni haya. Badilisheni oili kabla ya kuiegesha. Tieni kijiko cha oili katika kila silinda, mrudishe plagi. Zibeni mdomo wa kabureta na mwisho wa bomba la moshi kwa kitambaa chenye mafuta, na mwandike karatasi ya kuwakumbusha kukiondoa. Kila mwezi izungusheni injini kwa mkono mizunguko michache. Na msiwape kuku kopo la kusafishia hewa.

Na ikiwa imekwisha kukwama, ulizeni kwanza: ilikwama ikienda au ikikaa? Ni injini kweli, au ni kitu kilichofungwa nayo? Ni silinda ipi, na kwa nini ni hiyo? Mkisha kujua, mtaona kwamba nguvu zinazohitajika ni ndogo. Nami nimeona kwamba maswali hayo yakifuatwa mpaka mwisho, huweza kumfikia mwulizaji mwenyewe. Hapo asikimbie.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Injini yenye utaratibu wa kulipuka wa 1, 3, 4, 2 imesimama silinda ya kwanza ikiwa katika kuvuta. Silinda zipi mbili zitakuwa zimefungwa, na ipi itakuwa wazi kuelekea bomba la moshi?

2. Motokaa yenye gia nne imekwama kwa kutu, nawe wataka kuitikisa polepole mbele na nyuma ikiwa katika gia. Je, utachagua gia ya kwanza au ya nne? Toa sababu.

3. Chukua bilauri, tia maji kidogo, iinamishe digrii 45. Pima ni sehemu gani ya kitako iliyobaki kavu. Ningalifanya zoezi hili siku ya kwanza, ningaliokoa siku kumi.